UZI: Nguo za usaili wa ofisini kwa wenye miili mikubwa. Pima ukiwa umekaa

Bitana_na_Pindo (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mtu mwenye mwili mkubwa akiomba ushauri wa nguo za usaili huambiwa maneno mawili tu: vaa nyeusi, vaa ya kupwaya. Hayo hayamfikishi popote. Kwenye usaili utasimama dakika moja au mbili kupeana mikono, halafu utakaa nusu saa au zaidi mbele ya watu wanaokutazama kuanzia kiunoni kwenda juu. Nguo iliyokupendeza umesimama mbele ya kioo inaweza kupanda mapajani, kukata tumbo na kuachama kifuani mara tu unapokaa. Kwa hiyo vipimo vya kuchagulia nguo vichukuliwe mara mbili, umesimama na umekaa.

Tafuta futi kamba laini. Vaa sidiria au fulana ya ndani ile ile utakayovaa siku yenyewe, kwa sababu sidiria peke yake inaweza kuhamisha mstari wa kifua sentimita 2 au 3 juu au chini. Pima kifua kwenye kilele, kiuno pale kinapokunjika ukiinama pembeni, tumbo pale lilipotokeza zaidi, nyonga pale makalio yalipojaa zaidi, paja juu kabisa, na mkono wa juu katikati ya bega na kiwiko. Mkono wa juu husahauliwa sana, na ndio unaowarudisha wengi dukani.

Kisha kaa kwenye kiti kigumu, upime tena tumbo na nyonga. Mara nyingi namba huongezeka sentimita 3 hadi 6. Mwenye nyonga 124 akisimama anaweza kufika 129 akikaa. Sketi ya kitambaa kisichovutika yenye nyonga 126 itamwingia vizuri, zipu itapanda, na akikaa itapanda yenyewe hadi juu ya goti ikitafuta mahali pembamba pa kukaa. Hapo tatizo ni upana. Kuongeza urefu hakutasaidia.

Nafasi ya kuongeza juu ya kipimo cha mwili, kwa kitambaa kisichovutika:

Shati au blauzi: kifuani 6 hadi 8, mkono wa juu 5 hadi 6.
Bleza au koti la suti: kifuani 10 hadi 12, tumboni 8 hadi 10, mkono wa juu 8 (kumbuka shati lipo ndani).
Sketi: nyonga 5 hadi 6, kiunoni 2 hadi 3.
Suruali: nyonga 5 hadi 6, paja 5.

Zote ni sentimita. Kitambaa chenye spandeksi asilimia 3 au 4 kinaruhusu kupunguza nafasi hizo karibu nusu, ila kwenye koti usipunguze.

Kanuni ya kununua: nunua kwa sehemu kubwa kuliko zote, kisha fundi apunguze zilizobaki. Kupunguza kunawezekana karibu siku zote. Kuongeza kunategemea akiba iliyoachwa ndani ya mshono, na nguo nyingi za kiwandani zina sentimita 1 tu iliyopigwa ovaloki, hivyo hakuna cha kuachia. Geuza nguo ndani nje ukiwa bado dukani, uangalie kabla hujalipa.

---

Dada_Wa_Mapokezi

Asante sana mleta uzi. Naomba msaada kwenye blauzi za vifungo. Zinanikaa vizuri tumboni na begani, ila kifuani kati ya kifungo na kifungo panaachama. Nikipanda saizi, mabega yanaanguka. Nifanyeje?

---

MkasiMkali

Dada, angalia kwanza vifungo vilipo. Kwenye blauzi yoyote ya vifungo vya mbele, lazima kifungo kimoja kikae sawasawa kwenye mstari wa kilele cha kifua. Viwanda huvipanga kwa umbali sawa, kama sentimita 8 au 9, kuanzia kola, bila kujali kifua chako kimekaa wapi. Kilele kikiangukia katikati ya vifungo viwili, patafunguka hata kama blauzi ina nafasi ya kutosha. Hilo linatibika: mwambie fundi apachike kwa ndani vifungo vidogo vya kubonyeza katikati ya vile viwili. Havionekani nje na kazi yake ni ya dakika chache.

Lakini ukiona mistari ya mikunjo inayotoka kwenye kifungo kwenda kwapani, huo ni upungufu wa upana. Kifungo cha kubonyeza hapo kitashika asubuhi na kuachia ukinyoosha mkono. Panda saizi, kisha fundi apunguze pembeni kuanzia chini ya kifua hadi kiunoni. Tafuta blauzi zenye mishono ya prinsesi, ile inayoshuka kutoka begani au kwapani, ikapita juu ya kifua hadi kiunoni. Kwenye mshono huo fundi anaweza kubana kiuno bila kugusa kifua. Blauzi iliyokatwa sawa mwili mzima haimpi pa kushikia.

Kama muda ni mfupi, achana na vifungo vya mbele. Blauzi ya kuvaa kichwani yenye shingo ya V isiyozama sana, ndani ya bleza, inaonekana rasmi kabisa. Ijaribu kwa kuinama mbele ya kioo kana kwamba unasaini karatasi kwenye meza ya chini. Kinachoonekana kwako ndicho watakachokiona wao.

---

Bitana_na_Pindo (mleta uzi)

Nyongeza kwa MkasiMkali: chini ya blauzi nyeupe vaa sidiria inayokaribiana na rangi ya ngozi yako. Nyeupe chini ya nyeupe huonekana. Popilini nyepesi ya gramu 110 kwa mita ya mraba huonyesha sana, kwa hiyo piga picha na mwanga wa kamera ya simu kabla hujaamua. Kamera huona kisichoonwa na kioo cha chumbani.

---

Kipimo_Halisi

Naomba niweke sababu ya mabega kuanguka, maana wengi hudhani miili yao ndiyo yenye kasoro.

Viwanda vingi huchora mchoro mmoja wa saizi ya kati, kisha huukuza kwa hatua zilizo sawa kwenda saizi za juu. Kila sehemu inakua: kifua, kiuno, bega, kina cha kwapa, hata urefu wa mkono. Mwili haukui hivyo. Mtu anaweza kuongezeka sentimita 20 tumboni na mfupa wa bega ukabaki pale pale. Ndiyo maana saizi inayokutosha tumboni ina bega linaloning'inia na kwapa lililoshuka karibu na mbavu.

Kwapa lililoshuka ni baya kuliko linavyoonekana. Wengi hufikiri kwapa pana linampa mtu uhuru. Ukiinua mkono, koti lenye kwapa la chini huinuka lote, kola inaruka shingoni na mbele panafunguka. Kwapa lililo juu, karibu na mwili lakini lisilokata, huacha mkono uende peke yake na koti libaki mahali pake. Mkiwa chumba cha kujaribia, nyoosheni mkono mbele kama mnampa mtu mkono. Pindo la koti likipanda zaidi ya sentimita 3 hivi, rudisheni.

Bega: mshono uishie kwenye ncha ya mfupa. Ukizidi kwa sentimita 1 bado ni sawa. Ukizidi 2, fundi lazima ang'oe mkono, akate bega na kuurudisha, na kwenye koti lenye bitana na pedi hiyo ni kazi nzito inayoharibika mikononi mwa fundi asiyeizoea. Mwenye kifua kikubwa na bega dogo atafute koti lisilo na pedi, la jezi nzito (kitambaa cha kufuma kinachovutika), ambalo bega lake huanguka kwa ulaini.

Lebo nazo zisomwe kwa makini. Namba 18 ya Uingereza ni kama 14 ya Marekani, na kwa Ulaya bara kwa kawaida ni 46. Vilevile kwenye nguo za Marekani, 16 na 16W ni nguo mbili tofauti: yenye W imekatwa upya ikiwa na kiuno kipana zaidi na mkono mpana zaidi. Ukinunua mtandaoni, soma jedwali la vipimo la nguo yenyewe kama lipo. Jedwali la vipimo vya mwili halikuambii koti limeachiwa nafasi kiasi gani.

---

Suruali_Nyeusi

Wakuu, upande wa suruali vipi? Kila nikipata inayotosha mapaja, kiunoni nyuma panabaki nafasi ya kuingiza kiganja kizima.

---

MkasiMkali

Hiyo ndiyo hali nzuri, mkuu, maana inapungua. Fundi hupunguza kiuno kwenye mshono wa katikati ya nyuma hadi kama sentimita 4. Zaidi ya hapo mifuko ya nyuma itasogeleana na kukaa vibaya, hivyo agawe: kiasi nyuma, kiasi pembeni. Kuna pia suruali zenye lastiki iliyofichwa nyuma ya mkanda wa kiunoni na mbele pakiwa laini. Kwa mtu ambaye tumbo lake hubadilika kati ya asubuhi na jioni, hizo ni bora kuliko mkanda mgumu, na ndani ya bleza hakuna atakayejua.

Jifunze kusoma mikunjo, suruali inasema yenyewe. Mistari ya mlalo mbele, kutoka msambani kwenda nyonga: nyonga au paja ni jembamba. Mifuko ya pembeni kufunguka kama masikio: nyonga inabana, panda saizi, na usimwambie fundi ashone mifuko ukadhani umemaliza. Mikunjo ya mshazari chini ya makalio: kina cha nyuma (kutoka msambani hadi mkanda wa kiunoni) ni kirefu mno au mkato wake haukufuata umbo lako. Mkanda wa nyuma kushuka ukikaa: kina cha nyuma ni kifupi, na hilo halirekebishiki, iache dukani.

Wenye tumbo lililotokeza wanahitaji kina kirefu cha mbele. Kikiwa kifupi mkanda huteleza chini ya tumbo, msamba unashuka, miguu inaonekana mifupi na suruali inaburuta visiginoni.

Mapaja yanayosuguana hutoboa kitambaa kwa ndani. Tafuta suruali yenye bitana mbele hadi magotini, au umwombe fundi aweke kipande cha kitambaa laini kwa ndani ya msamba. Kwa gauni na sketi, taiti fupi inayofika katikati ya paja inazuia mchubuko, na inafanya kitambaa kiteleze badala ya kunata.

---

Mzee_Wa_Tai

Naona kinamama wametendewa haki, naomba na sisi wanaume tuguswe. Kitambi changu kinatangulia mlangoni, suti za dukani zikitosha tumboni zinakuwa na mabega mapana kunizidi.

---

Kipimo_Halisi

Shikamoo mzee. Suti ya kawaida hukatwa kwa kudhani kiuno ni kidogo kuliko kifua kwa karibu sentimita 15. Kwa mtu ambaye tumbo limelingana na kifua au limekipita, hesabu hiyo haipo. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kununua koti na suruali vinavyouzwa kila kimoja peke yake, rangi na kitambaa kile kile. Ya pili ni kuuliza suti zilizokatwa kwa ajili ya wenye matumbo, ambazo mbele ya koti imepanuliwa na kurefushwa huku bega likibaki dogo. Koti la kawaida juu ya tumbo hupanda mbele na kushuka nyuma. Likiangaliwa kwa pembeni pindo linapaswa kuwa sambamba na sakafu.

Funga kifungo cha juu peke yake, kile cha chini usikifunge kamwe. Ukiona mikunjo ya herufi X inatokea kwenye kifungo, koti limebana. Ukikaa, kifungue. Mpasuo wa nyuma uwe miwili, kila upande mmoja, maana wa katikati ukikaa hutawanyika na kuonyesha makalio.

Suruali mzee ivae kiunoni, pale mbavu zinapoishia kuelekea kitovu. Ukiivaa chini ya tumbo itashuka kila ukisimama na shati litachomoka. Mkanda wa kawaida hauna pa kushikia kwenye tumbo la mviringo, kwa hiyo mikanda ya mabegani ya vifungo, chini ya koti, inashika vizuri zaidi. Usivae hiyo pamoja na mkanda wa kiunoni. Suruali nyingi za suti za kiume zina akiba ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma, mara nyingi ya kuachia sentimita 3 hadi 5 kwa jumla, zitumie.

Shati: vidole viwili viingie kati ya kola na shingo ikiwa kifungo kimefungwa. Tai ya kawaida ina urefu wa sentimita 145 hadi 150, na kwa shingo nene na tumbo kubwa ncha yake itaishia juu ya kitovu. Ulizia za sentimita 155 hadi 165. Ncha iguse buckle ya mkanda au ukingo wa juu wa suruali. Upana uwe sentimita 8 au 9, kwani tai nyembamba juu ya kifua kipana humfanya mtu aonekane amevaa ya mtoto.

---

Mzee_Wa_Tai

Marahaba. Hilo la mikanda ya mabegani nilikuwa sijalifikiria kabisa. Ubarikiwe.

---

Bitana_na_Pindo (mleta uzi)

Nirudi kwenye kitambaa, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Kwa koti na suruali, sufu iliyochanganywa na spandeksi kidogo, asilimia 2 hadi 4, inakaa vizuri na inarudi umbo lake ikining'inizwa usiku kucha. Jezi nzito ya kufuma pande mbili, gramu 280 hadi 350 kwa mita ya mraba, ni kimbilio la kweli kwa miili mikubwa. Inavutika, haikunjamani, na ni nzito kiasi cha kutoshika kila mkunjo wa mwili. Jezi nyepesi chini ya gramu 200 inaonyesha mstari wa sidiria na chupi, iache. Satini inang'aa kila palipotokeza. Kitani safi kitakuwa na mikunjo nyongani kabla hujaitwa ndani. Poliesta tupu hufungia joto, na jasho la kwapani huonekana haraka kwenye kijivu cha kati na bluu hafifu, huku bluu nzito, nyeusi na nyeupe zikilificha.

Jaribio la kuvuta: shika sentimita 10 za kitambaa kwa upana, vuta hadi 12, achia. Kikirudi papo hapo, sawa. Kikibaki kimelegea, magoti na makalio yatakuwa na vifuko kabla ya saa sita mchana.

Jaribio la mshono: shika kitambaa pande zote mbili za mshono wa makalio, vuta kwa nguvu ya wastani. Ukiona nyuzi zimesimama wazi mithili ya ngazi, mishono ni mirefu mno au kitambaa kinateleza. Mshono mzuri una hatua 4 au 5 kwa sentimita. Huo wa ngazi ndio unaopasuka mtu anapoinama kuokota kalamu.

Bitana nayo ichunguzwe. Koti linalovutika likiwekewa bitana isiyovutika, bitana hupasuka kwanza, kwapani au katikati ya mgongo. Lazima kuwe na mkunjo wa akiba wa sentimita 2 hivi katikati ya mgongo wa bitana. Ingiza mkono uupapase. Usipokuwepo, koti litakubana ukinyoosha mikono hata kama kwa nje ni pana.

---

Mistari_Wima

Na michirizi? Kila mtu anasema ya wima hupunguza mwili.

---

Kipimo_Halisi

Mkuu, mwaka 1867 mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alieleza kwamba mraba wenye mistari ya mlalo huonekana mrefu na mwembamba kuliko mraba ule ule wenye mistari ya wima. Kwa hiyo kanuni hiyo ya mitaani haina msingi kama inavyodaiwa. Kwenye mwili wa mviringo kuna la zaidi: michirizi ya wima hupinda inapopita juu ya kifua na tumbo, na kila ilipopinda jicho linaenda hapo. Ukitaka mstari mrefu, juu na chini vivae rangi moja au zinazokaribiana, na bleza ya rangi tofauti uiache wazi juu yake. Kingo mbili za bleza zinazoshuka zinatosha.

---

Ukhty_K

Assalaam alaykum. Kwa wanaovaa hijabu na magauni marefu, bleza juu ya gauni inajaza sana mikononi. Kuna njia?

---

MkasiMkali

Wa alaykum salaam dada. Tatizo ni mkono juu ya mkono. Gauni la ndani liwe na mkono mwembamba wa kitambaa laini, au liwe halina mikono kabisa kwa kuwa bleza itabaki mwilini muda wote. Koti refu lisilo na kola, linalofika katikati ya paja, linakaa vizuri kuliko bleza fupi inayokata kwenye nyonga. Gauni lenyewe lisiwe na lastiki kiunoni, likatwe kwa mishono ya prinsesi na kupanuka taratibu kuelekea chini. Ndani vaa shimizi inayoteleza ili gauni lisipande magotini ukitembea. Pindo liishie juu ya sakafu kama sentimita 2 ukiwa na viatu vya siku hiyo, usilikanyage ukinyanyuka. Ncha za hijabu ziingie ndani ya koti, kitambaa kisirundikane kwenye kola.

---

Karani_Mpya

Usaili wangu ni wa video. Bado nihangaike na yote haya?

---

Bitana_na_Pindo (mleta uzi)

Kifua, bega na kola, ndiyo. Epuka vimistari vyembamba na drafti ndogondogo, kwenye kamera hutetemeka. Koti likaze nyuma kwa kulivuta chini na kulikalia pindo lake, litakaa sawa mabegani. Kamera iwe usawa wa macho, kwa sababu ikiwa chini hukuza kidevu na tumbo. Na suruali uvae, unaweza kuombwa usimame kuchukua kitu.

---

MkasiMkali

Kuhusu muda: mpelekee fundi siku 10 hadi 14 kabla. Nguo ya pamba au viskosi ifuliwe kwanza, kwani hupungua, na ukiipunguza kabla haijafuliwa itakuja kukubana. Nenda na viatu na nguo za ndani za siku hiyo, urefu wa suruali hauwezi kupimwa peku. Viatu vijaribiwe jioni miguu ikiwa imejaa. Kisigino kipana cha sentimita 3 hadi 5 kinambeba mtu mzito vizuri kuliko kile chembamba.

Siku mbili kabla, vaa vyote, kaa dakika 20, panda ngazi, nyoosha mkono, jifunge na ufungue kifungo cha koti ukiwa unasimama. Mahali panapokukera baada ya dakika 20 patakukera maradufu mbele ya jopo, na bado una muda wa kumrudia fundi.

Koti jipya lina nyuzi za herufi X zilizoshikilia mipasuo ya nyuma, na lebo ya kitambaa juu ya mkono wa kushoto. Vyote hivyo vitolewe. Mifuko ya nje iliyoshonwa iache ilivyo, inazuia koti kulegea nyongani. Pasi ipigwe juu ya kitambaa cha pamba kilicholoanishwa, hasa poliesta, vinginevyo makalio na viwiko vitang'aa na hapatarudi. Kwenye mkoba weka pini mbili, sindano yenye uzi wa rangi ya suti, na kifungo cha akiba.

---

Dada_Wa_Mapokezi

Mkoba wenyewe uwe wa kushika mkononi au wa begani?

---

Kipimo_Halisi

Wa mkononi, dada. Mkanda wa begani huvuta koti upande mmoja na kuacha mkunjo begani unaobaki hata ukishauweka chini. Ushike mkono wa kushoto, wa kulia ubaki wazi wa kusalimia.